Vibarua wa Moyo wa Kiboko

“Magunia mawili ya kunde!”

“Sitoi hata punje!”

“Magunia mawili, Kiboko, na yasiwe na fukusi!”

Ugomvi huo, wanangu, ni wa hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakizikana na kukaa matanga kama sisi. Na ulizuka matangani hasa, mbele ya waombolezaji, udongo wa kaburi bado mbichi.

Marehemu alikuwa Mzee Kiboko, mwenye bwawa. Alizikwa chini ya tuta la bwawa lake mwenyewe. Baada ya mazishi mwanawe, ambaye sasa ndiye Bwana Kiboko, alisimama akasema kama ada inavyotaka: “Mwenye kumdai marehemu ajitokeze.”

Maneno hayo husemwa kila msiba, na wengi huyasikia wakanyamaza kwa haya. Bi Pimbi hakunyamaza. Alikuwa mganga, mdogo kama kikapu cha mayai, hasira zake puani, na hakujua kusema kwa kuzunguka. Mwaka ule aliomhudumia Mzee Kiboko, shamba lake lilimezwa na magugu. Kama kunde zile hazitoki, wanawe watatafuna nini mpaka mavuno?

“Deni la nini?” akafoka Kiboko. “Baba si amekufa? Mganga wa mgonjwa aliyekufa naye anadai?”

“Hii hii hii!” akacheka Fisi. Akakumbuka yuko msibani, akajifuta mdomo.

“Nadai kazi niliyofanya,” alisema Pimbi. “Babako alikuwa na presha. Damu inabana mishipani kupita kiasi, na moyo unashindana nayo usiku na mchana. Nilimwambia aache kuramba jiwe la chumvi. Aliacha?”

Kiboko akatazama pembeni. Jiwe lile nani asiyelijua? Lilikuwa palepale uani, limerambwa mpaka likaingia shimo.

“Kama presha ni mbaya hivyo,” akasema, “mbona hakufa mapema?”

“Enhe! Hapo umeuliza la maana. Aliishi kwa sababu ya vibarua.”

“Vibarua gani?”

“Walio ndani ya moyo. Jicho haliwaoni. Wanaitwa protini. Moyo wenyewe umesukwa kwa hao: wanavutana, wanalegea, du-dup, du-dup. Presha ikizidi na nyuzi zikachanika, wapo wanaoziba. Wapo wanaonyoosha uzi uliojikunja vibaya. Wengine kazi yao kufagia takataka, wengine kuzuia makovu, moyo usikakamae kama ngozi iliyoanikwa juani. Na matarishi je? Moyo ukilemewa wanatoka mbio hadi kwenye figo: ‘Toeni maji! Toeni chumvi! Mwenzenu anaelemewa!’”

Waombolezaji wakajishika vifua, kila mmoja kimyakimya.

“Haya yote nilimweleza babako ili awahurumie. Unajua alijibuje? ‘Kumbe nina watu! Basi wafanye kazi.’ Akarudi kwenye jiwe. Yeye anaramba, wao wanatoa. Anaramba, wanatoa. Ukuta wa moyo ukanenepa, naye akajisifu kwamba moyo wake umepata misuli! Kisha vibarua wakazidiwa. Moyo ukachoka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuokoteza, mzee wa watu analala ameketi. Alipokufa wewe ulikuwepo, Kiboko. Lile povu la mdomoni ulimfuta wewe.”

Pimbi hakutaka kulitaja povu. Hata yeye lilimkosesha usingizi: sikio lake juu ya kifua kile kikubwa, mdundo ukififia, du… du… kisha kimya.

Lakini Kiboko alipokumbushwa uchungu wake aliugeuza hasira. Akapiga mguu chini, puu!

“Vibarua nisiowaona! Nani aliwaajiri? Nani anawaita majina asubuhi? Kwangu mimi, kibarua asiyeonekana hana posho. Asiyeonekana afukuzwe!”

“Hebu rudia.”

“Kila kibarua nisiyemwona kazini kwangu, afukuzwe leo hii! Nyote mmesikia?”

“Tumesikia,” wakaitikia waombolezaji.

 Pimbi alikuwa hajawahi kumghilibu mtu, na hilo alijivunia kuliko dawa zake zote. Lakini macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye tuta, kwenye rundo la mabua yaliyokuwa yakioza pale chini. Ukoo wa Kiboko ulirundika mabua hapo kila mavuno. Babu alifanya, baba akafuata, na mwana alidhani ni uchafu tu wa wazee. Pimbi, aliyekaa kwenye mawe ya kando, alijua: ile ilikuwa posho ya mchwa. Mchwa waliishi ndani ya tuta, wakiziba kila ufa kabla haujaonekana nje.

“Hata hao wa tuta?” akauliza. “Bwawa lako nalo lina vibarua usiowaona. Wakiondoka, litakatika. Nakwambia waziwazi, usije ukasema sikukwambia.”

“Mchwa?” Kiboko akaangua kicheko. “Wafukuze! Na hayo mabua yao yachomwe!”

 Pimbi akapanda tuta, akaweka mdomo kwenye kitundu.

“Hodi humo! Bwana amewaachisha kazi. Amesema mbele ya watu.”

“Na mabua?” ikauliza sauti kutoka ndani.

“Yanachomwa.”

Mchwa hawakubishana. Wakatoka mstari mmoja mrefu, wengine wamebeba mayai, wakaingia porini. Moshi wa mabua ukawasindikiza.

Siku chache hazikuonyesha kitu. Kiboko akatamba, “Mnaona? Tuta limesimama! Bi Pimbi na vibarua wake wa hewa!” Kisha akaenda kuramba jiwe.

Siku ya kuanua matanga, masufuria yako motoni, watu wamekusanyika, ukasikika mchirizi kwenye tuta. Tiriri, tiriri. Kiboko akaenda akaukanyaga ufa kwa mguu. Ukafunguka mwingine. Akauzuia kwa kifua. Ukafunguka wa tatu.

“Mchwa!” akapiga kelele. “Rudini! Nitawapa mabua!”

Mabua gani? Yalikuwa majivu.

Gharrrr!

Tuta likapasuka. Maji yakabeba masufuria, yakabeba mikeka, yakalifukua kaburi. Naye Mzee Kiboko akatoka ardhini na sanda yake, akaelea polepole mbele ya watu waliokuja kumwombolezea. Kwanza hakuna aliyelia. Kisha mjane wake akapiga ukelele, na nyote mngeusikia mngeziba masikio.

Kiboko akaukimbilia mwili wa babake. Akakimbia, akateleza, akainuka, mara, “Ah!” Akajishika kifua, akaanguka topeni, puu. Presha ya baba ilikuwa imo ndani yake pia, na chumvi ya asubuhi ilikuwa bado mdomoni.

Pimbi akarukia kifuani, akaweka sikio. Du-dup. Du… dup.

“Wamo?” Kiboko akanong’ona.

“Wamo. Wanaziba. Matarishi wameshafika kwenye figo. Bado hawajajua kwamba umewafukuza.”

“Usiwaambie! Bi Pimbi, mama yangu, usiwaambie!”

Wanangu, Pimbi hakuwa na uwezo wa kumfukuza hata mmoja, wala hakuna mganga mwenye uwezo huo. Lakini safari hii, kwa mara ya kwanza, ukweli wote hakuusema.

“Neno lako lilikuwa moja,” alisema. “Asiyeonekana afukuzwe. Kwenye tuta nililifikisha. Nilifikishe na humu?”

“La! La! Nalifuta mbele ya wote!”

“Na jiwe la chumvi?”

“Litupwe mbali! Nisilione!”

“Na nitakupima nikitaka, na dawa utakunywa hata siku unayojiona mzima? Maana hao walio ndani wanasaidia tu. Mzigo usipopunguzwa, watazidiwa kama wa babako.”

“Nitakunywa. Nitakunywa, mama.”

Kule chini, mwili wa mzee ulikuwa umenasa kwenye mizizi. Fisi alikuwa anausogelea, hacheki tena, anameza mate. Pimbi akaokota jiwe akamvurumishia, paa! “Toka hapo, mwana laana! Mjukuu wa nani wewe?” Jamaa wakakimbia kumchukua marehemu wao, ili wakamzike upya mahali pakavu.

Kiboko akalia. “Nihurumie. Bwawa sina. Baba nimempoteza mara mbili.”

“Nakuhurumia,” alisema Pimbi, na alimaanisha. “Wanangu nao nawahurumia.”

Anayekubebea usiyemwona, mtambue kabla hajautua mzigo.

Pimbi akashuka kifuani, akakung’uta tope miguuni.

“Magunia mawili,” alisema. “Bila fukusi. Leo.”