Funguo za Gari Hili ni Ngapi

Mtu mmoja alikuwa na gari moja, mke mmoja, na maneno machache. Jina lake Obadia, mpasua mbao wa kule nyanda za juu ambako ukungu huamka kabla ya watu. Mkewe ni Melania, lakini yeye alimwita Mama Yusta, kwa jina la binti yao wa kwanza aliyekwisha kuolewa, naye Melania alimwita Baba Yusta. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ndogo iliyokwisha kuona barabara nyingi kabla ya kufika kwao. Waliinunua pamoja, nusu kwa mbao za mume na nusu kwa viazi vya mke, na hakuna aliyewahi kuuliza nusu ya nani ndiyo yenye usukani.

Gari lilikuja na funguo mbili. Mmoja Obadia aliutia kwenye pete ya chuma pamoja na ufunguo wa ghala. Wa pili Melania aliufunga kipande cha kitenge cha njano, ili auone upesi ndani ya mkoba. Aliyewauzia aliwaeleza jambo ambalo Obadia alilisimulia kwa majirani mpaka wakalichoka. Ndani ya kichwa cha kila ufunguo, alisema, mna kidude kidogo kama punje ya mchele, na gari kabla halijawaka hukiuliza kile kidude: wewe ni nani? Kikitoa jibu ambalo gari linalijua, moto unawaka. Kikitoa jibu jingine, taa ndogo nyekundu hupepesa mbele ya usukani, na hata uzungushe ufunguo mpaka mkono ufe ganzi, halitawaka. Mwizi anaweza kuchonga chuma kikaingia, Obadia alipenda kumalizia, lakini kujulikana hakuchongwi. Alilisema hilo mara nyingi bila kulisikia yeye mwenyewe.

Ikawa mama yake Melania, huko Manda kando ya ziwa, akateleza na kuvunjika nyonga. Melania akafungasha. Obadia alikuwa na oda ya mbao, tena alikuwa na hofu ya kula ugali wa kujipikia, na katika hofu hiyo akatamka neno ambalo lingekaa vizuri zaidi tumboni. "Kwani mama yako hana watoto wengine?" Melania alifunga zipu ya mkoba, akapanda basi, na ule ufunguo wa kitambaa cha njano ukaenda naye kwa sababu siku zote ulilala mkobani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Obadia alilijua hilo kabla basi halijakata kona. Alilijua, ila mdomo wa mwanamume wa makamo una uzito wake, na huyu aliyezoea kuinua magogo hakuweza kuuinua wa kwake.

Wiki zikapita. Melania alipopiga simu, alijibiwa: salama, mama anaendeleaje, haya msalimie. Simu ikikatika, Obadia alibaki ameishika mkononi kama mtu aliyepewa kikombe akakuta hakina chai. Kitandani hakuugusa upande wa mkewe. Aliuacha umetandikwa vile vile, na asubuhi aliunyoosha tena ingawa haukuwa umekunjamana. Majirani walisema ana kiburi, na kweli alikuwa nacho. Lakini alikuwa anamkosa mkewe kuliko alivyowahi kukosa kitu chochote, na hakuwa na mtu wa kumwambia hayo isipokuwa yeye huyo huyo aliyemkosa.

Siku moja ile pete ya chuma ilimdondoka kiwandani, ikaingia kwenye lundo la maranda chini ya msumeno. Obadia alichakura kwa mikono, kisha kwa jembe, kisha akaazima chekeche la kuchekechea unga, akachekecha maranda mpaka nyusi zake zikawa za njano. Hakuuona ufunguo. Gari lilisimama uani limefungwa, na mbao za madawati ya shule zilikuwa zinalisubiri.

Dawa ya tatizo lile ilikuwa simu moja tu. Mama Yusta, ufunguo wangu umepotea, mpe kondakta wa basi aniletee wa kwako. Kila mtu wa barabara ile huletewa vitu kwa basi, hata kuku. Obadia alitoa simu, akalitazama jina la mkewe, akawaza: nikimpigia nitaanza kwa kuomba, na kabla ya kuomba ufunguo kuna jambo jingine ninalopaswa kuomba. Akairudisha simu mfukoni. Alimwita fundi wa funguo kutoka mjini.

Fundi alikuja na mashine yake ndani ya begi, akafungua mlango, akachonga ufunguo mpya. Kabla ya kuunganisha mashine, aliuliza swali la kazi yake. "Funguo za gari hili ni ngapi? Nileteeni zote. Nikianza hapa, gari linasahau kila ufunguo linaoujua, halafu nalitambulisha upya hizi nilizo nazo mkononi. Ule ambao leo haupo, halitaujua tena."

Obadia alitazama vilima. Alikuwa na muda wa kutosha kusema kweli. "Ni huo tu," akasema.

Hakukusudia kumfuta mtu. Alikusudia tu kutopiga simu. Na makosa mengi ya nyumbani huzaliwa hivyo, kwa watu wasiomtakia mwenzao baya lolote, ila wameona tabu kidogo kumwita. Mashine iligoma mara mbili siku hiyo, na hadi jioni gari halikumjua mtu yeyote. Obadia alizunguka uani akiwa ameshika kichwa, akihofia kwamba limekufa moja kwa moja. Mwisho likawaka. Akapeleka mbao, akashukuriwa, akarudi kwenye nyumba iliyokuwa kimya. Gari sasa lilimjua yeye peke yake, na hilo halikumfurahisha kama alivyotarajia.

Mama wa Melania alipoanza kusimama kwa fimbo, binti yake akaona inatosha, akarudi. Hakupiga simu. Alitaka kumshtua mumewe kwa furaha, kwa maana njiani alikuwa amemsamehe, na aliyesamehe huwa na haraka ya kufika. Siku hiyo Obadia alikwenda kiwandani kwa miguu, maana hakuwa na mzigo wa kupakia. Mvua ikamkuta huko. Alipokuwa akirudi amelowa chapachapa, alimwona kwa mbali mtu ameketi kwenye usukani wa pikapu, akamtambua kwa namna alivyofunga kilemba. Moyo ukamruka. Mtu mzima yule alikimbia, kwenye matope, na ndala moja ikabaki nyuma.

Alipoufikia mlango wa gari aliona ile taa nyekundu, inapepesa.

Melania alikuwa amesogeza kiti mbele, kwa urefu wa miguu yake. Alikuwa ameuvuta ufunguo nje, akaufuta kwa pindo la khanga, akaurudisha, akazungusha tena, na ungeweza kuona kwamba alifanya hivyo mara nyingi. "Nilitaka kukufuata," alisema, "usinyeshewe." Kisha akautazama mkono wake. "Mlango umenikubali, Baba Yusta. Gari ndilo halinijui."

"Labda ni unyevu," alisema Obadia.

Melania hakubishana naye. Tayari jirani aliyempokea alikwisha kumweleza habari za fundi na ufunguo mpya, akidhani anampa habari njema. Aliingia ndani, akawasha moto, akapika, akampakulia mumewe chakula cha moto na kumpa shati kavu. Alikuwa mpole sana, na Obadia aliuogopa upole ule. Mkoba wake ulikaa karibu na mlango, zipu imefungwa. Walipokwisha kula, Melania alisema bila kuinua sauti kwamba mama hajaizoea fimbo vizuri, labda yeye aliwahi mno kurudi, na kwamba kesho basi la saa nne linapita.

Hapo Obadia alielewa kitu alichokifanya. Mkewe hakufukuzwa. Mlango ulifunguka, kiti kilikuwepo, sufuria zilikuwa pale pale alipoziacha. Alikuwa na kila kitu isipokuwa kile kisichochongwa kwa chuma, kujulikana. Wako wengi wanaoishi hivyo chini ya mapaa yetu, wanaletewa chai na kuitwa kwa majina ya heshima, na moto hauwawakii. Basi Obadia akatoka nje barazani na kupiga simu. Alimpigia fundi, akamsihi aje mapema, kabla ya basi.

Fundi alikuja asubuhi. Obadia alimpa ufunguo wenye kitambaa cha njano, ambao Melania alikuwa ameuacha mezani, akamwambia: nataka gari liujue huu. Fundi akatikisa kichwa. "Kumbe ulikuwepo," akasema. "Gari hili halijui kuongezewa, mzee. Linajua kuanza upya tu. Ili liujue huu, lazima kwanza lisahau na huo wako. Na uliona mwenyewe jinsi mashine ilivyotusumbua. Safari hii ikigoma kabisa, utalikokota." Kisha, kwa nia njema, akampa ushauri ambao watu wengi wangeufuata. Ya nini kujisumbua? Gari linawaka. Ufunguo unaowasha unao. Mama akitaka kutoka, atakuomba.

Obadia aligeuka akatazama ndani ya nyumba. Melania alikuwa akikunja khanga polepole, na mkoba ulikuwa pale pale mlangoni. Neno lile la mwisho, atakuomba, lilimchoma. Miaka yote waliyoishi pamoja mwanamke huyu hakuwahi kumwomba ruhusa ya kuwa mwenye nyumba, na sasa ingebidi aanze, kwa sababu tu kuna mtu aliona haya kumwomba yeye ufunguo. Akafikiri juu ya mbao zilizosubiri kupelekwa. Akafikiri juu ya gari kufa uani na watu kucheka. Akautoa ufunguo wake mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha fundi juu ya ule wenye kitambaa cha njano.

"Futa na wangu," akasema.

Mashine ikaanza kazi. Obadia akaenda kumwita mkewe, wakaketi wote wawili juu ya rundo la mbao, wakilitazama gari lao ambalo saa ile halikumjua mume wala mke. Ni hapo, wakiwa sawa kwa ugeni wao, ndipo mdomo wake ulipoinuka. "Aliniuliza funguo ni ngapi," akasema. "Nikamwambia mmoja. Ufunguo wangu ulikuwa umepotea, nikaona haya kukupigia. Nilikuwa sijakuomba radhi kwa lile la mama."

Melania alichezea pindo la khanga. "Hata mimi simu zangu zilikuwa fupi," alisema mwishowe. "Nilikuwa nangoja uulize nitarudi lini."

"Nilitaka kuuliza kila siku."

"Ungeuliza, mume wangu. Mimi si askari wa barabarani."

Obadia akacheka, kisha macho yakamlenga machozi, akasingizia maranda, ingawa walikuwa mbali na msumeno. Melania akamwachia uongo huo mmoja. Mashine ikagoma mara ya kwanza. Fundi akatukana kimoyomoyo, akaanza tena. Hakuna kati yao aliyeinuka kwenda kuangalia, kwa kuwa walikuwa na mengi ya kusimuliana, nyonga ya mama, madawati ya shule, chekeche la jirani lililotoboka. Fundi alipoita kwamba sasa gari liko tayari kupokea, akauliza aanze na upi, Obadia alijibu kabla swali halijaisha. Aanze na wa njano. Taa nyekundu ikatulia, ikazimika. Melania akazungusha, na pikapu ikawaka kwa kishindo chake cha siku zote. Wa Obadia ukafuata, ukapokewa nyuma ya wa mkewe, na kukubaliwa sawasawa na ule wa kwanza.

Melania akaingia ndani. Obadia, akiwa bado amesimama uani, alisikia zipu ya mkoba ikifunguliwa. Mkewe akatoka na kifurushi cha dagaa wa Manda aliokuwa amemletea, waliokuwa humo tangu jana bila kutolewa, akawamwaga juu ya ungo na kuwatandaza juani wapate hewa. Basi la saa nne likapita barabarani likipiga honi. Hakuna aliyeinua kichwa.

Ndugu zangu, iko siku kila mmoja wetu ataulizwa lile swali la fundi. Nawe utakapoulizwa funguo za nyumba yako ni ngapi, utauhesabu na ule ulio mbali, ambao umeona haya kuuita?