Kidani Chini ya Mkilua

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana walioshuhudia wangali hai, palikuwa na mtu Tanga akiitwa Semkiwa. Alirudi kutoka machimbo ya dhahabu bila dhahabu. Alirudi na kifua kibovu na mashine ya kutafutia madini: fimbo ndefu yenye sahani chini, ikipita juu ya chuma au fedha inalia.

Huko Ngamiani, mjini humo, kati ya lami na baraza za nyumba, kuna ukanda wa udongo ambao si wa mwenye nyumba. Ni wa halmashauri. Watu wa kale walidondosha senti zao hapo. Semkiwa akawa anaupita kila asubuhi, nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni alipiga hodi akasema maneno yale yale: "Naomba kuchimba mbele yako. Nikipata, nusu yangu, nusu yako. Nisipopata, nafukia." Alipata visoda vya chupa. Alipata misumari. Alipata senti za tundu za Mjerumani, mbili tatu. Watu walimcheka, naye akafukia.

Siku moja akafika kwa Bi Mwantumu, mjane. Mbele ya nyumba yake ukanda ule ulikuwa bustani, na katikati ulisimama mkilua, mti wa maua ya kunukia, alioupanda marehemu mumewe. Miaka thelathini Bi Mwantumu aliumwagilia. Malori yalipotaka kuegesha hapo, aliyafukuza. Mafundi wa bomba walipotaka kupitisha mtaro, alikaa chini katikati ya njia yao mpaka wakazunguka.

Mashine ikalia chini ya mkilua.

"Hapo huchimbi," akasema Bi Mwantumu.

"Sawa, mama." Semkiwa akaitia mashine begani, akaanza kuondoka.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Zaina, fundi cherehani. Aliposikia ule mlio aliacha gauni la mtu kwenye sindano, akavuka mbio.

"Bi Mwantumu, nakuomba. Nyumba hii alikaa bibi yangu, kabla watu wetu hawajamuuzia mumeo. Wakati wa vita vya Mjerumani, mizinga ya Waingereza ilipoanza kulia, alikifukia kidani chake cha harusi, akakimbia. Aliporudi hakupakumbuka mahali. Mumewe akasema amemhonga mwanamume, akampa talaka. Bibi amekufa anaitwa mwongo. Mimi sitaki mali. Nataka kujua tu."

Bi Mwantumu akauendea mkilua, akachuma maua yote yaliyokuwepo, akayafunga kwenye pindo la kanga.

"Chimbeni," akasema.

Semkiwa alichimba mpaka adhuhuri. Alichimba, akakohoa, akakaa, akainuka, akachimba. Mizizi ikakatika. Chini yake kukatoka mkebe ulioliwa na kutu, na ndani ya mkebe kidani: rupia saba za fedha, zimetobolewa na kuungwa kwa mkufu mmoja. Zaina alikikumbatia kifuani akalia, na majirani wakalia naye.

Lakini hakukiachia. Na wiki haikuisha, mkilua ukafa.

Wakakutana barazani, kila mtu na neno lake.

Semkiwa akasema: "Mashine ni yangu, na kifua kilichoumia ni changu. Mlango huu niliupigia hodi kama milango yote, na nusu yangu niliitaja. Kidani ukikikata si kidani tena. Basi kiuzwe, tugawane."

Bi Mwantumu akasema: "Nusu ipi? Wewe nilikukatalia. Nilimkubalia mwanamke mwenzangu aliyesema hataki kitu. Ningewaacha mafundi wa bomba wapite, leo tungegombania nini? Nimetoa kitu cha mwisho cha mume wangu, na mlangoni pangu limebaki shimo."

Zaina akasema: "Nilisema sitaki mali, na nilisema kweli. Lakini nilikuwa sijakishika. Hii si mali, huyu ni shahidi wa bibi yangu. Aliachwa kwa ajili ya hiki. Kivaliwe na nani mwingine?"

Majirani walibishana mpaka adhana ya alasiri, wasielewane. Kidani kikapelekwa kwa imamu kutunzwa, naye akasema hatakitoa mpaka watu waseme neno moja.

Haya, nyinyi mlionisikiliza, semeni. Mwenye mashine, mwenye mkilua, mwenye bibi: mngemkabidhi nani kidani, na wale wawili wengine mngewatazamaje usoni?