Upande wa Chini wa Shaba

Mtu mmoja alikuwa na kompyuta, na watu wa bondeni walikuwa na mtu huyo. Aliitwa Ambakisye. Vipimo vya mvua vilivyofungwa milimani vilimletea namba, kompyuta ikazipigia hesabu, naye akishajua mto utafura saa ngapi, aliwapigia simu walio chini watoke. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Lakini mtu aliyebebeshwa roho za wenzake hana kazi ndogo.

Sasa kompyuta ile ilianza kuchemka. Ilikuwa imeungwaungwa kwa vipande vya kila namna, na hesabu zikiwa nzito ilipata joto ikajizima. Na hesabu huwa nzito mvua ikiwa kubwa, yaani siku ile ile watu wanapoihitaji. Alitafuta kipoza madukani, hakuna kilichoingia kwenye mashine yake. Kiwanda cha mbali kilikubali kumtengenezea, kwa bei ambayo bonde zima lisingeifikia hata likiuza ng'ombe wake wote. Masika yalikuwa yanakaribia. Wingu likipita tu, Ambakisye anaacha kula.

Akaenda kwa fundi Kibona, mzee aliyekereza vyuma vya mashine za kusaga. Akamchorea anachotaka: bamba la shaba la kukaa juu ya prosesa, pale kompyuta inapofikiria, lenye vijia vya kupitisha maji ya kupoza. Kibona akasema linawezekana, hata kwa michango ile kidogo iliyokusanywa na kamati ya bonde. Ila isingetosha kazi yote. Upande wa chini, unaogusa penye joto, ulihitaji kusuguliwa kwa msasa juu ya kioo hadi unyooke kabisa. Upande wa juu ungeweza kung'arishwa na kuchorwa jina la bonde. Michango ingelipia upande mmoja. Akamwuliza apunguze wapi.

Ambakisye akafikiri, na alifikiri kwa hofu. Kamati ingekuja kuona fedha yao imeleta nini, na wapo walioshaanza kunong'ona. Upande wa chini nani atauona? Tena ipo ile dawa nyeupe inayopakwa katikati ili kupitisha joto. Ataipaka nene, izibe mabonde yote ya shaba hiyo. Akaonyesha upande wa chini. Kibona akawasha mashine.

Kamati ikaja. Bamba lilikuwa linang'aa kama sufuria mpya ya harusi. Wakapiga makofi, wakapiga picha, mwenyekiti akajitazama meno humo. Habari ikashuka bondeni kwamba kipoza kimepatikana, watu wakashusha pumzi. Walioanza kupandisha mahindi mlimani wakayarudisha nyumbani. Mvua za rasharasha zikanyesha, kompyuta ikavumilia. Ni Ambakisye peke yake aliyekuwa akiligusa boksi lile la kompyuta kila asubuhi kwa kiganja, kama mama anayegusa paji la mtoto, akijiambia kwamba hilo ni joto la kawaida. Hakumwambia mtu.

Alhamisi moja mchana mvua ikaja kwelikweli. Namba zikamiminika. Kompyuta ikahesabu, ikachemka, ikajizima. Akaiwasha, ikajizima. Akalifungua bamba. Dawa ilikuwa imekauka na kupasuka. Shaba ilikuwa imegusa pembeni tu, katikati hapakuguswa kamwe. Akalitia kwapani, akakimbia kwa Kibona huku mvua inamchapa, na moyo ukimwambia: piga simu, piga sasa. Lakini apige aseme nini? Kwamba hajui? Baada ya makofi yale yote? Aliona aibu. Akasema atawapigia kompyuta ikishawaka.

Kibona akatandika msasa juu ya kioo, akaanza kusugua bila kuinua macho. "Nilikuuliza nipunguze wapi, bwana," akasema, "ukanionyesha kwa kidole chako mwenyewe."

Bondeni watu waliyaona maji yakiingia uani. Wakatazama simu zao. Simu zilikuwa kimya, na kimya kile wakakisoma kuwa ni usalama, maana bamba walikuwa wameliona kwenye picha. Mjane mmoja, Tusajigwe, wanawe walimshika mkono wamtoe nje. Akawaambia watulie, Ambakisye hajapiga. Wakamtii mama yao, wakaketi. Mto uliwakuta wameketi.

Nami nawauliza ninyi mnaoaminiwa na watu: mkibanwa, huwa mnapunguza upande upi?