Miadi ya Bibi Nakijwa

Hapo zamani, na msinitolee macho, zamani yenyewe ni juzi tu kompyuta zilipofika kwetu Upareni, alikuwepo Bibi Nakijwa, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Hata kitukuu wake, Bibi alimjua kwa kumpapasa kwa vidole tu. Daktari wa macho alipanda mlimani siku moja kwa mwaka, na Bibi akapangiwa saa tatu asubuhi.

Sasa sikilizeni. Mbonea ndiye aliyeandika programu ya miadi ya hospitali yetu. Alijua kwamba sisi huhesabu saa kuanzia alfajiri, na mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane. Basi akaifundisha: kila saa ya mchana atakayoandika karani, ongeza sita, ndipo uiweke kwenye kalenda. Kazi safi! Ila hakumwambia mtu.

Elinami ndiye karani. Alimwonea Bibi huruma, akaogopa mashine isije ikamkosea. Badala ya kuandika 3:00 kama siku zote, akaandika kwa hesabu ya mashine yenyewe, 9:00. Mashine ikaongeza sita yake, ikapata kumi na tano. Ujumbe ukaenda: "Njoo saa tisa alasiri."

Nakunda ndiye mkamwana wa Bibi. Alisoma ujumbe akashtuka, maana hospitalini alisikia wakitaja saa tatu asubuhi. Alitaka kupiga simu kuuliza. Lakini mama mkwe alikuwa na kikohozi, ndiyo kwanza kapata usingizi, na njia ni ndefu. Akaona heri mama apumzike, waende hiyo saa tisa.

Walifika saa tisa kasoro. Daktari alikuwa ameshashuka, mpaka mwakani.

Mbonea akasema, "Kosa ni langu. Ningebandika karatasi moja tu ukutani!"

Elinami akasema, "Ni langu mimi, niliyejitia ujuaji."

Nakunda akasema, "Niacheni. Mimi nilisikia kwa masikio yangu, nikaiamini simu."

Roho iliniuma, jamani, maana wote watatu walimtakia mema.

Bibi alikuwa kwenye benchi, mbali kidogo, kilemba kipya kichwani, kitukuu mapajani. Akageuza uso kule zilikotoka sauti. "Wanangu, mnanong'ona nini? Daktari ananiita?"

Lazima mmoja amwendee, amshike mkono, amwambie. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kumjibu?