Mama wa Mvinyo

Hapo zamani, wakati shamba lilikuwa la mmoja na jasho la mwingine, Casilda alilima mizabibu kwenye mteremko wa mawe huko Uhispania. Mteremko ulikuwa mali ya Don Gaspar, bwana asiye na mtoto wala subira. Mvinyo wa mwaka uliopita ulikuwa kama maji ya kunawia, naye akasema: ukiwa hivyo tena, Casilda ahame.

Zabibu zikaiva, Casilda akazichuma. Akazikamua. Alipomaliza kumimina maji ya zabibu mtungini, mtungi ukapasuka ubavuni. Akakinga kwa ndoo, akakinga kwa sufuria, akakinga hata kwa beseni la kuogea. Kisha akaketi chini akalia.

Jirani yake Fermín, fundi mapipa, akaja akiviringisha pipa jipya la mwaloni. Alikuwa ameliunda aliuze, alipie arusi ya binti yake.

"Mvinyo mweupe hauchachushwi pipani," Casilda alisema. "Utanuka mbao."

"Bora unuke mbao kuliko kunywesha siafu," Fermín akajibu.

Basi ukachachukia humo humo. Ndani ya pipa, chini kabisa, yakatuama mashapo, ambayo watu wa kule huyaita mama wa mvinyo. Casilda alitaka kuyatoa, maana ndivyo alivyofundishwa. Fermín akamkataza.

"Mtoto mchanga hatengwi na mama yake," alisema. Miezi sita, kila asubuhi, alikuja na fimbo yake akayakoroga.

Mvinyo ukatoka mzito, rangi ya samli, na ladha ya moshi kidogo ndani yake. Don Gaspar akaunywa na chaza wabichi, kwa kuwa babu yake naye alikunywa mvinyo mweupe na chaza wabichi. Akautema. Akaagiza Casilda awe amefungasha virago kabla ya Jumatatu.

Mpishi wake, Remedios, akaonja kilichobaki glasini. Akaona kwamba mvinyo mzito hivyo unataka chakula kizito. Alijua kwamba wapishi wawili waliomtangulia walifukuzwa kwa kubadilisha chakula cha Jumapili. Hata hivyo, Jumapili ilipofika aliupeleka mezani mvinyo uleule, ila bila chaza. Alipeleka pweza wa kuchoma, kuku wa mchuzi wa lozi, wali wa uyoga, na jibini ya kondoo iliyokaa mwaka mzima.

Don Gaspar akala, akanywa. Akala tena, akanywa tena. Akawaita Casilda, Fermín na Remedios.

"Mvinyo huu umenipendeza, nami sina mtoto wa kumrithisha mteremko ule," alisema. "Nampa mama wa mvinyo huu, uwe wake na wa uzao wake. Na mama ni mmoja tu."

Hapo ndipo ujirani ulipoingia nyufa.

"Mama ni mimi," Casilda alisema. "Mimi ndiye niliyeuzaa. Bila zabibu zangu, pipa lingebeba hewa."

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," Fermín akasema. "Wewe ulikaa chini ukilia, jirani, na mashapo ungeyamwaga. Binti yangu hajaolewa hadi leo kwa sababu ya pipa lile."

Remedios akafuta mikono kwenye aproni. "Mmoja alizaa, mmoja akalea, na mtoto wenu akatemwa mezani. Mimi ndiye niliyemtafutia wa kuoana naye. Bwana angekasirika, leo virago vingekuwa vyangu."

Don Gaspar alikuwa amekwisha kuchoka nao. Akausukuma ufunguo wa lango la mteremko mbele ya Casilda.

"Amua wewe," alisema. "Ila usinidanganye."

Casilda akaushika. Alijua kwamba akimpa mwingine, kesho hana pa kulala. Alijua pia kwamba mvinyo wa mikono yake peke yake ulikuwa ule wa mwaka uliopita. Aliogopa, na wenzake waliona kwamba anaogopa. Hakuna aliyeondoa macho mkononi mwake.

Mimi nimewafikisha mezani. Zaidi ya hapo sikualikwa. Semeni ninyi mliosikiliza: nani hasa alikuwa mama wa mvinyo ule? Na kama ufunguo ungekuwa mkononi mwako, na kitanda chako ndicho kilicho mashakani, je, ungemkabidhi mama huyo, hata kama si wewe?