Roho Iliyokataa Kaburi

Alikuwako hapo kale Sultani Shaabani bin Nuhu, mtawala wa mji wa Zumaridi, mwenye mali isiyo kifani na hofu ya mauti isiyo kifani, na binti yake wa pekee akiitwa Badriya. Sultani akafariki, watu wakamwosha, wakamsalia, wakamzika. Na matanga yalipoondolewa, Haruni, mchumba wa Badriya, akaingia kasrini bila hodi na kuketi juu ya kiti cha enzi.

“Lulu yangu,” akasema, “mbona huniamkii?”

Jina hilo Badriya aliitwa na baba yake tu, tena faraghani. Akatazama kidoleni mwa Haruni, akaiona pete ya akiki ya Sultani, ambayo waosha maiti waliitafuta wasiione.

“Baba?” akauliza.

“Ndimi. Jini wa pete hii alinitoa kabla pumzi haijakatika, akanitia humu. Nilisimama na waombolezaji nikiutazama mwili wangu unafukiwa! Mtu hafi, mwanangu, akipata pa kukaa.”

“Na mwenye mwili yuko wapi?”

Sultani akacheka. Lakini jicho la kushoto likaanza kutiririka machozi, hali jicho la kulia linacheka.

Badriya akaugeukia mlango, kisha akarudi. Akapiga magoti, akaushika mkono wenye pete.

“Baba, nakupenda. Lakini Haruni yumo humo, analia.”

“Usinitoe,” Sultani akasihi, na kicheko kimemwisha. “Huko sikujui. Naogopa.”

“Nami naogopa. Nitakushika mpaka mwisho, kama nilivyokushika ulipougua.”

Wakakaa vivyo hivyo hata ikaadhiniwa alasiri. Ndipo vidole vikalegea, na Badriya akaivua pete. Haruni akaanguka kifudifudi, na jini akasimama mbele yao, kimo chake hata darini.

“Baba yangu amekwenda wapi?”

“Ewe binti Sultani,” jini akasema, “mimi nilijaliwa kuhamisha roho, sikujaliwa kuziumba. Ikitoka mikononi mwangu sijui iendako. Nami pia nitakufa, na swali hilo huninyima raha.”

Badriya akamwacha huru. Haruni akapona, wakaoana kwa shangwe, wakarithi ufalme na hazina zake zote. Basi enyi wasikilizaji, kama mtu husalia baada ya mwili wake, ajuaye ni Mola. Lakini asisalie kwa kumnyang’anya mwenziwe uhai. Na Badriya, hata alipokuwa na wajukuu, kila mumewe alipoingia chumbani alimwuliza kwanza, “Nani wewe?” Naye Haruni hakukasirika kamwe. Alilitaja jina lake taratibu, akangoja mlangoni mpaka aambiwe karibu.