Pampu Isiyohitaji Mtu wa Pili

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo. Na ninyi mnaopenda kuegemea ukuta huko nyuma, njooni, ukuta wenyewe hauanguki. Leo nina habari ya fundi baiskeli.

Palikuwa na fundi mmoja, mtu mzima, mwenye kibanda kando ya barabara ya vumbi katika mji mdogo kama huu wetu. Jina lake msiniulize, nikilitaja mtaanza kuangaliana. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Watoto walishaoa na kuolewa, wamekwenda kutafuta maisha yao. Nyumbani kwake hapakuwa hata na kuku wa kufukuza mlangoni.

Lakini alikuwa na mwenzake. Walitoka kijiji kimoja, walichunga ng'ombe pamoja wakiwa hawana viatu, na walipokuja mjini walikuja na sanduku moja la nguo. Pale kibandani walifanya kazi pamoja, na mchana walikula ugali kwenye sahani moja, huyu anamega upande huu, yule anamega upande ule, wanakutana kwenye mboga.

Sasa, wenye baiskeli mnajua tairi linavyojazwa upepo. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anasimama na pampu, anasukuma, jasho linamtoka. Mwingine anachuchumaa chini, anabonyeza tairi kwa kidole gumba, anasikilizia linavyokaza. Yule anayesukuma hawezi kujua limefikia wapi, maana mikono yake yote iko kwenye mpini. Anayejua ni wa chini. Wa chini akisema "imetosha," wa juu anaacha. Fundi alikuwa wa juu, mwenzake alikuwa wa chini, na walifanya hivyo mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe.

Siku moja akaja muuza maziwa na madumu yake, ana haraka, maziwa yasije yakaganda. Fundi akawa anasukuma huku anapiga soga na mteja, anacheka, anajionyesha nguvu. Unajua tena mtu akipata wa kumtazama.

"Imetosha," mwenzake akasema.

Fundi akasukuma.

"Imetosha, bwana!"

Fundi akasukuma tena, na tena. Paa! Tairi likapasuka, watu wa barabarani wakageuka, muuza maziwa akashika kichwa akalia, "Mmeniua, jamani, mmeniua!" Na fundi, kwa aibu, akamgeukia aliyechuchumaa pale chini.

"Si angesema huyu! Kazi yake ni kusema tu, na hiyo nayo imemshinda."

"Nimesema," mwenzake akajibu.

"Hukusema!"

"Nimesema, tena mara mbili."

"Mwongo wewe!" Mbele ya watu wote wale.

Ndugu zangu, alisema. Na fundi alisikia. Alisikia la kwanza, akasikia la pili, alijua kabisa kwamba amesikia. Yule mwenzake hakupandisha sauti. Alifuta kidole chake kwenye suruali, akachukua kigoda chake, akavuka barabara, akakaa kwenye baraza la mama mmoja muuza maandazi, akaanza kushona viatu vya watu. Hakumsema fundi vibaya kwa mtu yeyote. Akawa anashona tu.

Barabara yenyewe ni nyembamba. Mbuzi anaivuka huku anatafuna. Fundi alichotakiwa kufanya ni kuivuka na kusema maneno mawili: "Ulisema. Nilisikia." Yalimjaa mdomoni kila asubuhi alipofungua kibanda, na kila asubuhi aliyameza. Akajiambia, kesho. Kesho ikawa na kesho yake.

Upweke ukaingia, akauona ulivyo. Mchana alipika ugali, akanawa, akakaa, akamega upande wake. Ule upande mwingine hakuugusa. Mkono ulikataa kwenda huko, basi, mazoea. Ugali ukawa unakauka nusu kila siku, na jioni anawapa mbwa wa watu. Wateja walikuja, wakasema "habari za kazi," akajibu "nzuri," wakaenda. Akagundua kwamba toka asubuhi mpaka jua linazama neno alilolisema mara nyingi kuliko yote ni hilo "nzuri," na halikuwa kweli hata mara moja. Ilimuuma sana. Kuna wakati alisimama kwenye kizingiti akitazama ng'ambo, akaona kisogo cha mwenzake kimeinama juu ya kiatu cha mtu, akatamani hata wagombane tena ili wapate kuongea.

Na kazi nayo ikaharibika. Akijaza tairi peke yake, ama linabaki tepetepe, ama linapita kiasi, na likipita kiasi inabidi afungue mrija, achokoe valvu kwa msumari, upepo wote utoke fyuu, aanze upya. Mgongo ukauma. Wateja wakaanza kunung'unika.

Nawauliza ninyi: mtu wa namna hii afanye nini? Mnajua. Hata watoto waliokaa pale mbele wanajua. Avuke barabara!

Hakuvuka. Akaamua kuunda pampu.

Usicheke, Mzee Lugodisha. Alikuwa fundi kwelikweli, mikono yake ilikuwa na akili. Akasema, nitatengeneza pampu ya mkono ambayo mtu mmoja anaimudu. Akachukua bomba la chuma, akakata ngozi mpya ya ndani, akatoboa kitundu pale chini mrija unapoanzia. Kwenye kitundu akaweka gololi ya baiskeli, na juu ya gololi akaweka springi. Springi ya kwanza ilikuwa laini mno, upepo wote ukawa unatoroka. Ya pili ngumu, gololi haikutikisika. Akajaribu springi za breki, za kalamu, za kufuli, akazikata, akazivuta, akazipasha moto. Akatengeneza na kichwa cha mrija chenye pini ya kuifungua valvu, ili upepo upungue bila kufungua kitu. Watoto wakaenda shule wakafunga, wakaenda tena wakafunga, yeye bado anachonga.

Hata ikafika siku pampu ikakubali. Upepo ukifikia kiasi, gololi inainuka yenyewe, inapiga filimbi: fiii! Ukizidisha kwa bahati mbaya, kuna kitufe kidogo cha shaba kando ya mrija. Unakibonyeza kwa kidole kimoja, upepo unapungua taratibu, unaachia, upepo unabaki palepale. Hakuna kufungua mrija, hakuna msumari, hakuna wa kuchuchumaa chini na kukuambia imetosha. Fundi alisukuma, ikapiga filimbi, akacheka peke yake. Akageuka kumwonyesha mtu, na hapakuwa na mtu.

Haya. Wiki hiyohiyo, asubuhi, anainua macho, anamwona nani? Mwenzake. Anavuka barabara, anakokota baiskeli yake, tairi la nyuma limelala kabisa, na kwenye keria kafunga gunia kubwa na godoro lililoviringishwa.

"Hodi hapa," akasema.

"Karibu," fundi akajibu, na moyo ukamwenda mbio mpaka akaogopa utasikika.

"Tairi limelala, ndugu yangu. Nikasema nije kwako."

Fundi akatoa tyubu, akaitia upepo kidogo, akaizamisha kwenye beseni la maji, akaizungusha yote akitafuta mapovu. Hakuna povu hata moja. "Mbona haina pancha?" akasema.

"Ndiyo hivyo," mwenzake akajibu, anaangalia chini.

Na fundi, badala ya kujiuliza, akafurahi! Tyubu nzima ndiyo hasa aliyoitaka, apate kuonyesha pampu yake. Maana ulimwengu mzima ni mtu mmoja tu angeielewa ile kazi, na mtu mwenyewe ndiye huyo amesimama mbele yake. Akarudisha tyubu, akafunga tairi, akaitoa pampu. Akatupa jicho kwenye mzigo. Akauliza. Ndiyo, aliuliza! Aliuliza nini?

"Huo mzigo una uzito gani? Maana tairi la nyuma la mzigo linataka upepo wa kutosha."

Akauliza uzito. Unakwenda wapi, hakuuliza.

Mwenzake akachuchumaa. Hakuna aliyemwambia. Miguu ilikumbuka yenyewe. Akaweka kidole gumba juu ya tairi kama zamani, akainua uso, akasema, "Ndugu yangu, kabla hujaanza, kuna jambo nataka..."

"Subiri! Subiri kwanza usikie inavyopiga filimbi. Na ondoa kidole hicho, siku hizi hakihitajiki."

Akasukuma. Fiii! Akazidisha makusudi, akabonyeza kitufe, pss, akaachia. Akaeleza gololi, akaeleza springi, akaeleza ile iliyokuwa ngumu na ile iliyokuwa laini. Maneno ya miezi yote ile ya ukimya yalimtoka kwa mfululizo, na yote yalikuwa ya pampu. Mwenzake alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka polepole, kashika magoti.

"Kazi nzuri," akasema. "Kweli kabisa, kazi nzuri. Sasa hutasumbuka."

Akashika usukani, akaondoka. Fundi akabaki anapangusa pampu kwa kitambaa, amefurahi, anajisemea kwamba leo tumeongea. Kesho nitavuka, nitamwambia.

Saa nne hivi yule mama wa maandazi akavuka barabara, kajifuta mikono kwenye kanga.

"Ameshakuaga?"

"Nani?"

"Mwenzako! Si anahama? Dada yake huko kwao ni mgonjwa, amekwenda kukaa naye moja kwa moja. Alisema hawezi kuondoka bila kupita kwako." Yule mama akacheka kidogo, akatikisa kichwa. "Mimi leo alfajiri nilimwona amechuchumaa anatoa upepo kwenye tairi lake mwenyewe. Nikamwambia, wewe mzee una wazimu? Akanijibu, 'Nisipokuwa na pancha, kwa yule nitaingiaje?'"

Fundi aliiacha pampu pale chini, akaacha kibanda wazi, akakimbia. Mtu wa umri ule, na kandambili! Alipofika stendi, basi lilikuwa limeshaondoka na baiskeli imefungwa juu ya paa. Mtaniambia, simu je? Simu alikuwa nayo. Alikuwa nayo toka siku ya ugomvi, kama alivyokuwa na barabara. Akapiga. Ikaita, mwenzake akapokea, na nyuma yake injini inanguruma, watu wanapiga kelele, mtoto analia.

"Ulisema!" fundi akapaza sauti katikati ya stendi. "Siku ile ulisema! Nilisikia! Nilikusikia mara zote mbili!"

"Nani? Unasemaje, ndugu yangu?"

"Nasema nilisikia!"

"Sikusikii! Hapa kelele! Ongeza sauti, sikusikii kabisa!"

Na basi likaingia msituni ambako mtandao hakuna. Wauza karanga wakamtazama yule mzee aliyesimama anapiga kelele kwenye simu iliyokatika, wakadhani ana matatizo.

Wapendwa, mtaniuliza kama alipiga tena na kama mwenzake alipokea. Siwaambii. Najua nikisema walipatana mtashusha pumzi, mtakwenda nyumbani mkale wali. Sitaki mshushe pumzi.

Sisi ni watu wa ajabu. Tunaweza kuhangaika mwaka mzima, tukachonga vyuma, tukapasha springi moto, ili mradi tusiseme maneno mawili. Umekosana na dada yako mliyekuwa mkichota maji pamoja, ukanunua tangi lako. Sawa, tangi ni zuri. Umekosana na jirani aliyekuwa anakuangalizia watoto, ukaweka mlinzi. Sawa. Umekosana na mzee mwenzako wa kanisa, ukaanza kusali ibada ya kwanza ili usikutane naye ya pili, na unatuambia unapenda kuamka mapema! Kila tulichokiunda kinafanya kazi. Hapo ndipo penye hatari. Kinafanya kazi vizuri sana, tunakifurahia, na tunawaonyesha watu, hata yule tuliyemkosea tunamwonyesha.

Na Mungu amejaribu. Amekuletea yule mtu mlangoni mwako kwa visingizio: amekuja kuazima jembe wakati ana jembe, amekuja kuuliza njia anayoijua. Ukampa jembe. Ukamwelekeza njia. Ukafunga mlango ukidhani umetenda wema.

Hapo kwenye ratiba pameandikwa wimbo na sadaka. Wimbo utangoja, na sadaka itangoja, sahani haina miguu. Yule aliyesikia siku ile akasema hakusikia, atoke sasa hivi akamwambie mwenyewe. Wengine hamna haja hata ya kufika mlangoni, mtu mwenyewe mmekaa naye benchi moja na katikati mmeweka mkoba. Uondoeni huo mkoba. Mimi nitakaa hapa kwenye ngazi nisubiri, sina haraka.

Mbona mnanitazama mimi? Nendeni.